Barua kutoka Eldoret: Meza ya Randa Si ya Kila Kazi

Mjomba mpendwa,

Sisi huku wazima, adui yetu ni baridi tu. Najua saa hii umekaa barazani Kibokoni, Mombasa, na kikoi na singileti, upepeo mkononi. Huku saa nane mchana watu wamevaa masweta, na mwenyeji wangu anasema leo kumekucha vizuri. Eldoret iko mita kama 2,100 juu ya hiyo bahari yako. Lile koti ulilonichekea nilipolinunua Kongowea nimelivaa, na chini yake nimevaa kila nguo nyingine niliyokuja nayo.

Ulinipa agizo moja: nikatazame wenzetu hawa wanakaaje kutwa kwenye mashine ya kukatia nakshi wasiumwe na mabega. Jibu ninalo. Ila kwanza nikupitishe njiani, maana mkaza mjomba lazima atauliza nilikula wapi.

Treni hadi Nairobi ilikwenda salama. Nikalala kwa binamu, asubuhi nikapanda matatu ya viti 14. Baada ya Nakuru barabara huanza kupanda, na haichoki. Kabla ya Timboroa tukavuka ikweta. Kibao kipo pale kando ya barabara, na dereva hakupunguza hata mwendo. Stesheni ya reli ya Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wake ulituingilia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa hii nyembamba ndiyo wanayokimbilia mabingwa wa mbio wa huku. Mimi nilishuka kununua mahindi ya kuchoma, nikarudi garini nikitweta. Burnt Forest abiria wote walinunua viazi na kabichi, na tukaingia Eldoret tumepakatana na mboga.

Eldoret si mji tena, ni jiji, na wenyewe hawakuachi usahau. Rais Ruto, mwana wa huku huku, aliwakabidhi hati tarehe 15 Agosti 2024, wakawa wa tano baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Asili yake lilikuwa shamba nambari 64 tu katika ramani ya walowezi; posta ikafunguliwa 1910, na jina la Eldoret likaja 1912. Barabara ya Uganda inapita katikati na malori yake ya Malaba, kelele zake zinaweza kukukumbusha Changamwe. Salamu yao ni “Chamgei!”, nawe unajibu “Chamgei mising!” Nikishajibu hivyo huniongelesha Kikalenjin moja kwa moja, kisha tunarudi kwenye Kiswahili sote tukicheka.

Sasa tuingie karakana.

Iko mtaa wa Langas, mabati juu, mabanzi ubavuni, sakafu ya udongo ulioshindiliwa. Wenyeji wangu ni wawili: fundi mmoja mrefu, nadhani angegonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango wako, na mama mmoja aliyekuwa mwalimu wa chekechea, mfupi, huwezi kumwona nyuma ya rundo la mbao. Fundi alikuwa wa vitanda na makabati. Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mbao za saiprasi zikawa shida kupatikana na bei haikushikika. Rais alitangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023, lakini miaka ile ya ukame wa mbao ilikuwa imeshamfundisha fundi wetu kutazama vipande ambavyo wenzake walivitia jikoni. Plaiwudi nayo haiko mbali: kiwanda kikubwa cha Rai kiko papa hapa Eldoret. Yule mama akaleta soko. Walimu wa chekechea wanataka herufi za mbao, tarakimu, wanyama, na kinachouzika kuliko vyote, ramani ya Kenya iliyokatwa kaunti 47 ili mtoto aipange.

Michezo hiyo ya kupanga ilianzia kwenye ramani. Miaka ya 1760 huko London, mchonga ramani aitwaye John Spilsbury alibandika ramani kwenye ubao, akaikata kwa msumeno kufuata mipaka ya nchi, watoto wakajifunzia jiografia. Sidhani kama alikuwa na kipande cha kumsumbua kama kinachowasumbua hawa. Mjomba, ni Mombasa yetu! Ndiyo kaunti ndogo kuliko zote kwa eneo, na kwenye ramani yao inatoka ndogo hivi kwamba ikishakatika hupenya kwenye tundu la meza ya mashine, inaanguka chini na kufagiliwa pamoja na vumbi. Wana kopo zima la Mombasa za akiba. Tulilitibu hilo baadaye kwa dakika chache: tulichukua kipande cha plaiwudi nyembamba ya milimita 3, tukakitoboa tundu dogo la kupitisha bledi peke yake, tukakibandika juu ya meza kwa karatasi ya gundi ya pande mbili. Tundu kubwa likafunikwa, na kaunti yetu haizami tena. Faida ya pili ni kwamba vidole havihitaji tena kubana kipande kidogo kwa nguvu ili kisitumbukie, na hapo ndipo mkono huwa unachoka bila mtu kujua.

Mashine yenyewe ni ya Marekani, DeWalt ile ya DW788, imeletwa na shemeji wa fundi aliyerudi likizo. Uzito wake kama kilo 25, na nafasi kutoka bledi hadi mgongo wa mashine ni inchi 20, kwa hiyo ramani kubwa inazunguka bila kugonga. Bledi hupanda na kushuka mara 400 kwa dakika ukiiendesha polepole, hadi 1,750 ukiifungulia. Lakini imetengenezewa umeme wa volti 120, na wetu ni 240. Wana transfoma chini ya meza. Mashine inakula ampia 1.3 tu, kwa hiyo transfoma ya wati 500 inaimudu bila kupata moto. Nakuandikia haya kwa sababu najua una rafiki pale Kuze anayeuza vitu vya meli. Akikuuzia mashine ya namna hii, soma kwanza kibati cha nyuma kabla hujachomeka.

Nilipofika, mashine hii nzuri ilikuwa juu ya meza ya kupigia randa. Na hapo, mjomba, ndipo penye kisa chote, kwako na kwao. Meza ya randa hukusudiwa iwe chini. Mtu akisukuma randa anaulalia ubao kwa uzito wa mwili, mikono imenyooka, na akikosa hivyo randa haili. Mashine ya nakshi haitaki uzito wako hata kidogo. Inataka macho na ncha za vidole, na kazi ya macho na vidole hupandishwa juu, ndiyo maana fundi wa saa hukutana na saa karibu na kidevu. Ukiiweka kwenye meza ya randa, shingo ndiyo itakayoshuka kuifuata. Fundi alikuwa amejikunja juu ya ramani, mabega yako masikioni, na baada ya kaunti chache alikuwa anasimama na kujishika kiuno. Akilini nikaiona meza yako ya shule uliyoiwekea mashine pale barazani, na wewe nyuma yake.

Tukapima. Unakaa wima, mikono ya juu inaning'inia tu, unakunja viwiko. Meza ya mashine ifike usawa wa kiwiko, au ipande juu yake sentimita 5, hata 10 kwa kazi ndogo sana, ili mkono wa chini upate pa kuegemea. Kwa mtu mmoja hesabu imekwisha hapo. Hawa ni wawili, mmoja mrefu mmoja mfupi, na mashine ni moja. Wakaanza ubishi: fundi anataka juu, mama anataka chini, na kijana wa kupiga msasa akapendekeza tuiweke katikati ili wote waumie sawasawa. Kwa Kenya yetu hiyo ndiyo inaitwa haki.

Tuliipandisha kwa ajili ya mrefu. Mfupi unaweza kumwinua. Mrefu huwezi kumkata. Meza ya mashine ikasimama sentimita 98 kutoka sakafuni, fundi kwenye stuli ya sentimita 68, miguu yake kwenye chuma cha kukanyagia. Mama akapata stuli ya kuzungusha inayopanda hadi sentimita 72, na chini yake kisanduku cha saiprasi cha sentimita 34 cha kuwekea miguu. Usikidharau kisanduku. Alipojaribu bila hicho, miguu ilining'inia, ukingo wa stuli ukambana mapaja, na baada ya muda mfupi akasema vidole vya miguu vinakufa ganzi. Mtu mwenye miguu hewani hujishikilia kwa mabega, na mabega yakishafanya kazi ya miguu mstari hauendi pale unapotaka.

Kisha ikatokea jambo ambalo sikulitarajia. Wana swichi ya mguu, ile ya kukanyaga mashine iende, ukiachia izime, na ni kitu kizuri kuliko vyote, kwa sababu mikono yote miwili inabaki kwenye kazi, na bledi ikikatika unainua mguu tu. Lakini swichi ilikuwa sakafuni. Mama yuko juu ya kisanduku, swichi iko chini, kwa hiyo kila kaunti alikuwa akinyoosha mguu wa kulia kuitafuta na kiuno kinapinda kuufuata. Tukaipigia kibao juu ya kisanduku, pembeni kidogo, kisigino kikitulia kwenye mbao na kidole gumba ndicho kinachobonyeza. Akishuka yeye, kisanduku kinavutwa pamoja na swichi yake, na fundi anaisogeza kwake. Ikiwa utataka swichi hiyo, nitakununulia mjini. Tafadhali usimkubalie mtu akufungie pedali ya cherehani ya umeme. Ile imetengenezewa mota ndogo ya namna yake, na kwenye mashine nyingine inaweza kukuunguzia kitu.

Stendi ilichomelewa na jirani wa jua kali, chuma cha pembe, miguu mitatu. Miguu minne kwenye sakafu ya udongo ni kutafuta kabari maisha yako yote. Mitatu hukaa popote inapotua. Chini kuna rafu, na kwenye rafu gunia la mchanga. Mashine ya namna hii ni mkono unaopanda na kushuka mamia ya mara kwa dakika, na kama stendi ni nyepesi, mtetemo wote unaishia kwenye viganja. Kuna mafundi hupenda kuweka mpira wa tairi kuukuu katikati, wengine tabaka mbili na tatu. Mimi simo. Mpira mwembamba mmoja sawa. Ukizidisha, mashine inaanza kucheza yenyewe juu ya mpira. Bolti nne zilizokazwa na uzito chini vinafanya kazi kuliko mpira wowote. Na kila mashine ina mwendo wake wa kutetemeka: zungusha kitufe polepole kutoka chini, utasikia mahali inapoanza kutikisika, upite hapo au ubaki chini yake. Hii ya Langas haipendi katikati.

Jambo ambalo nataka ulione kwa macho yako ni ule mwinamo. Tuliinua mashine nzima nyuma kwa kabari za mbao, digrii kama 10, meza yake ikamtazama anayekaa. Si kuinamisha meza peke yake, hapana. Hiyo ni ya kukatia mshazari, na vipande vya ramani vitakuwa vinaingia upande mmoja tu. Mashine nzima inainama, bledi na meza vinabaki mraba kwa mraba, na anayekata anaona mstari bila kuining'iniza shingo. Fundi alipokaa mara ya kwanza hakusema neno. Alikata Uasin Gishu yote, akapuliza vumbi, akakata Nandi, ndipo akamwambia mama, “Hii ni kama kusoma gazeti.” Usizidishe tu, maana kipande kidogo kitaanza kukuteremkia mapajani.

Kuhusu bledi sitakuchosha, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba meno hutazama chini. Ila vijana wao huifunga kinyume mara kwa mara, na kazi inarukaruka juu ya meza, wakidhani mashine mbovu. Mashine ikiwa imezimwa, pandisha kidole taratibu kando ya bledi; kikikwaruzwa kikipanda na kuteleza kikishuka, meno yako sawa. Kisha ukazaji. Wanaikaza legelege kwa kuogopa kuikata, na bledi legevu ndiyo inayokatika haraka, tena inakulazimisha usukume. Nilimwambia mama aidonoe kwa ukucha isikike inalia juu kama uzi mwembamba wa udi uliokwisha kupandishwa, ule wa mpigaji wetu wa taarabu. Bledi ikikazwa vizuri, ukiisukuma kwa kidole kutoka ubavuni haisogei zaidi ya milimita 3. Tangu hapo yeye ndiye mkaguzi. Akisikia sauti nzito anasimamisha kazi.

Na ule mraba nilioutaja, wana njia ya kuupima ambayo niliipenda kwa kuwa haitaki chombo. Wanachukua kibao kinene, wanakata mfuo mfupi, wanazima, wanakizungusha kibao hadi mfuo uje nyuma ya bledi. Bledi ikiingia kwenye mfuo ule ule bila kusugua, meza iko sawa. Ikigoma, wanalegeza skrubu na kujaribu tena. Wewe utasema utatumia gonia, na gonia yako ni nzuri, lakini jaribu tu.

Mwanga nilidhani hautakuwa tatizo, kumbe mvua za huku zinashuka mchana, na ikifika saa tisa mawingu yameshatanda, karakana yote kijivu. Wamefunga taa ndogo ya sumaku, ile ya mafundi cherehani, upande wa kushoto wa bledi na chini ya usawa wa macho. Ikiwa nyuma ya kichwa, unakata ndani ya kivuli chako mwenyewe. Kamrija ka kupulizia vumbi kalikuwa kameziba tangu siku nyingi na kila mtu alikuwa anapuliza kwa mdomo, kichwa kikishuka kila mara. Tukakazibua kwa sindano. Barakoa wanavaa wakikumbuka. Vumbi la plaiwudi lina gundi ndani yake, na hilo nimewagombeza bila aibu, ugeni wangu usinizuie.

Hawafanyi kazi mfululizo, na hili uliige. Saa nne chai ya maziwa huja na birika zima, na hakuna anayeendesha mashine birika likiwa ndani. Jana walinipa mursik, maziwa ya mgando ya kwenye kibuyu kilichopakwa ndani majivu ya mti. Yana ukali na harufu ya moshi, nikayanywa yote, nikapigiwa makofi. Mwambie mkaza mjomba namletea jibini ya Doinyo Lessos, inatengenezwa hapa hapa Eldoret na ni ya fahari, ikiwa tu haitayeyuka kabla ya Mtito Andei.

Jambo moja la kwako peke yako: chumvi ya bahari. Meza ya mashine ya huku inang'aa bila matunzo. Yako itashika kutu kabla ya Ramadhani. Sugua mshumaa juu yake kila wiki, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Mbao itateleza na mkono hautasukuma.

Basi nipimie haya, umpe kijana wa jirani anitumie kwa simu: kutoka kiti hadi kiwiko ukiwa umekaa wima, mikono imening'inia; kutoka uvungu wa goti hadi sakafu ukiwa na ndara zako; na urefu wa mashine yako kutoka miguu yake hadi juu ya meza yake. Jirani wa jua kali yuko tayari kuchomelea stendi, nitaipakia kwenye basi kama mzigo. Bei nimeshaisikia, na siiandiki hapa kwa sababu najua nani hufungua barua zako.

Nisalimie wote.

Mpwa wako,
Langas, Eldoret